Maftah na Bomba Lililoachana Chini ya Tuta

Wekeni vikombe chini, enyi jamaa wa mji wetu wa Samad Ash Shan, na mwenye kukohoa akohoe sasa, maana nikishashika njia sisimami. Nawasimulia Maftah, simba wa sepetu, mwana wa Bi Mahfoudha, aliyeshuka chini ya ardhi mchana kweupe akarudi na ushindi, na tope masikioni.

Bi Mahfoudha, malkia wa majimbi! Katika nchi hii ya mitende ndiye pekee aliyepanda majimbi kama ya Unguja, na jimbi halijui subira ya kiu. Bwawa lake dogo hujazwa na maji ya falaji, mfereji wa mji mzima, kila shamba kwa zamu yake, na zamu yake ilikuwa siku hiyo, baada ya adhuhuri. Nalo bomba lipitalo chini ya tuta la bwawa kupeleka maji shambani lilikuwa limeachana kwenye kiungo, kila kipande kimegeukia kwao, kama mke na mume waliotoka kwa kadhi. Maji yote yalipotelea mchangani. Zamu ile ikipita bure, majimbi ndiyo basi, na Bi Mahfoudha alikwisha kulia asubuhi, akasingizia kitunguu.

Basi shujaa akalichimba tuta, akawapata mahasimu wale wawili, akawapaka gundi, akawapatanisha kwa nguvu, akawakumbatia kwa mikono yote miwili, kwani gundi ilikuwa bado mbichi na akiwaachia tu wanaachana tena.

Hapo ndipo ilipofika balaa, nayo ilivaa kanzu nyeupe pe. Ami Marhun, jirani, mzee anayedai heshima yake kuliko zamu yake ya maji, akasimama ukingoni, akatoa salamu, akanyoosha mkono.

Lo! Asipompa mzee mkono, atasengenywa mpaka Idi. Akimpa, majimbi yamekufa. Maftah akainua uso kutoka shimoni, akanena:

"Shikamoo, Ami Marhun. Mikono yangu leo nimemwekea mamangu amana. Nimebakiwa na pua, nakuomba uipokee."

Na huku kwetu pua kwa pua ni salamu tukufu kupita mkono, mzee angekataaje? Akainama, akazidi kuinama, ukingo ukamsaliti, akaporomoka na heshima yake yote, akakaa barabara juu ya kiungo, akakibana kuliko mikono ya Maftah.

"Usinyanyuke, ami," Maftah akamsihi. "Hapo hapo."

Bi Mahfoudha, jemadari asiyesomea vita, akachungulia kutoka ukingoni, akaelewa upesi. Akashusha shimoni tende na kahawa, kwani mgeni hanyanyuki kahawa ikimiminwa. Kila Marhun alipotaka kutikisa kikombe kuonyesha ametosheka, kilikuwa kimeshajaa tena. Akanywa, akauliza habari za mbuzi na za wakwe, akanywa tena, hata gundi ikakauka kama jiwe.

Maji ya falaji yakaja. Bwawa likajaa, bomba likatoa maji shambani, majimbi yakanyanyua masikio, na Bi Mahfoudha akalia waziwazi, kitunguu hakuna.

Sasa Ami Marhun kila barazani anasema bomba lile amelitengeneza yeye. Kesi ikapelekwa kwa Bi Mahfoudha, naye akahukumu mbele ya sahani ya majimbi ya nazi, na tarikhi ya Samad imepokea:

"Maftah ameliunga, Marhun amelikalia. Kuleni."