Ndoo Moja Kila Alfajiri

Jumatatu, 3 Agosti
Mtaalamu wa udongo kaja tena. Kachomeka bomba jeupe kwenye kinamasi changu, na jingine upande wa shemeji, kaka wa mke wangu. Eti la kupimia maji. Eti udongo huu mweusi ni majani na mizizi ya maelfu ya miaka. Ukilowa, kaboni inakaa humo humo, ukikauka inapanda angani na kuzidisha joto la dunia. Kavaa mabuti mapya, na mtu hanunui mabuti mapya kwa ajili ya tope tu. Kuna jambo. Hata hivyo, atakayetunza maji vizuri atakuwa mlinzi wa kinamasi chote, na kupewa koti na mabuti juu. Shemeji alicheka. Kwa nini acheke?

Jumanne, 4 Agosti
Tatizo ni mtaro wangu. Niliuchimba kukausha kipande cha kabichi. Mke wangu kasema niuzibe. Niuzibe, kabichi zife? Nimepata akili: kila alfajiri, ndoo moja ya maji ndani ya bomba. Leo hakuna aliyeniona, isipokuwa bata wa shemeji. Simwamini.

Ijumaa, 7 Agosti
Nimechoma magugu kando ya kabichi. Moto umezimika wenyewe. Shemeji alikuwa anachungulia.

Jumamosi, 8 Agosti
Ardhi inafuka moshi! Moto hauonekani. Nikimwaga maji hapa, moshi unatokea pale, kila mara karibu zaidi na jiko la mke wangu. Nikamshuku shemeji. Mke wangu akasema udongo wenyewe ndio unaungua kwa chini, kwa kuwa niliukausha, na jiko likiteketea nitapikiwa na bata. Niliogopa, nakiri. Yeye na kaka yake wameziba mtaro kwa magunia ya udongo, kutwa nzima. Mimi nilisimamia.

Jumatatu, 10 Agosti
Maji yamerudi. Moshi umekoma hatua nne kabla ya jiko. Mke wangu alilia kidogo, kisha akaosha sufuria. Kabichi zinaogelea.
Mtaalamu alikuja, akafungua bomba langu, akatoa kidude. Kumbe kinaandika kimo cha maji kila saa. Akaniuliza kwa upole inakuwaje maji yangu yapande saa kumi na mbili asubuhi na kushuka saa moja. Nikamwambia kinamasi kinapumua. Akauliza mbona jana kilibana pumzi. Jana nilichelewa kuamka. Sikumwambia.

Jumatano, 12 Agosti
Shemeji ndiye mlinzi. Mabuti yanampwaya. Nimechungulia bomba lake: maji yamejaa asubuhi, mchana na jioni, na mvua haijanyesha wiki tatu. Yanatoka wapi? Anamimina kila saa, ndiyo maana hakukamatwa. Mjanja yule. Kesho alfajiri nitayanyonya maji yake yote kwa mpira wa maji, tuone kidude chake kitaandika nini. Mpira nimeuazima kwake mwenyewe. Alinipa huku anatabasamu. Kwa nini atabasamu?