Nyota Kumi na Moja za Marehemu Borghild

Jumapili, 10 Desemba

Baridi nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri. Ibada nzima nimekaa chini, chumba cha boila, nyimbo nazisikia kupitia bomba. Mwaka wa kumi na tisa huu! Mimi, Duane Skogstad, fundi niliyejifunza kwa kuungua vidole, bila baba wala chuo, nawapasha joto Walutheri mia moja na arobaini, na mkesha wa Krismasi hakuna anayeniona hata kofia.

Mchungaji Lindquist ametangaza Mti wa Upendo. Ukitendewa wema, unaandika jina la aliyekutendea kwenye nyota ya karatasi na kuitundika mtini. Mwenye nyota nyingi Jumapili ijayo ndiye atakayewasha mshumaa wa Kristo siku ya mkesha. Juu! Mbele! Macho mia mbili na themanini yakimtazama!

Miaka minne mfululizo ameuwasha LaVonne Brekke, mama mstaafu wa posta. Kanikuta kwenye ngazi leo, kaniuliza kwa sauti ya asali: Duane mpenzi, safari hii na wewe utampenda mtu, au boila tu? Nikacheka. Moyoni sikucheka.

Jumatatu, 11 Desemba

Nimepiga hesabu. LaVonne anapenda watu mmoja mmoja. Anakaa, anakunywa kahawa, anauliza hali ya goti. Dakika tisini kwa nyota moja. Uzembe mtupu!

Wazee wasiotoka nje wakati wa theluji ni kumi na wanne, na nyota zao hukusanywa majumbani. Nitawapenda wote siku moja, kabla ya chakula cha mchana.

Jumatano, 13 Desemba

Nimepika. Nyama ya kusaga, supu ya uyoga ya kopo, vipande vya viazi juu, oveni. Kila nyumba Minnesota inakula hiki, kwa hiyo hakuna wa kulalamika. Nimekoroga kwa drili, ile ile ya kutobolea ukuta, ila kichwa kipya kabisa. Chumvi nimekadiria kwa ukubwa wa ndoo.

Vyombo sina. Lakini kabati la jiko la kanisa limejaa mabakuli ya kioo, watu wameyaacha baada ya misiba, yamekaa miaka. Nimechukua kumi na manne. Nimejaza, nimefunika foili. Sikugeuza hata moja kuangalia chini. Nani anageuza bakuli lililojaa?

Ijumaa, 15 Desemba

Nyumba kumi na nne, dakika hamsini na mbili! Naweka mlangoni, napiga kengele, natimua mbio. Kadi sikuweka. Kadi ni majivuno. Mimi nimechagua unyenyekevu, tena unyenyekevu wenye gari lililoandikwa ubavuni DUANE, JOTO LA UHAKIKA, kwa herufi za urefu wa mkono. Mzee anachungulia dirishani, anasoma, anaandika nyota. Kwisha.

Jioni nimelizunguka gari. Matope ya theluji yameganda kote, kuanzia matairi hadi paa. Imebaki herufi moja tu, U. Na mimi mwenyewe nilikuwa na skafu hadi machoni.

Si kitu. Wema haujifichi.

Jumapili, 17 Desemba

Umejificha.

Hesabu imesomwa mbele ya kanisa. Nilipanda juu kwa makusudi, boila nikamwachia Mungu. LaVonne, nyota kumi. Jiko la Kanisa, nyota moja. Borghild Tveit, nyota kumi na moja. Mimi, bila. Hata jiko limenipita!

Borghild Tveit alikufa miaka sita iliyopita.

Nikashuka mbio kabatini, nikageuza mabakuli yaliyobaki. Kumbe kila mama wa kanisa hili huandika jina lake kwenye plasta na kuibandika chini ya bakuli, ili limrudie. Wazee wamekula, wakaosha, wakageuza, wakasoma. Mabakuli kumi na moja yalikuwa ya Borghild, maana hakukosa msiba hata mmoja. Moja la jiko. Na mawili ya LaVonne! Nimempikia LaVonne nyota mbili kwa mikono yangu!

Juu watu wanalia. Mchungaji anasema upendo wa mama yetu bado unatulisha. Mumewe, mzee Einar, ambaye hajakanyaga kanisani tangu mazishi, amepigiwa simu aje kuuwasha mshumaa kwa niaba yake. Amekubali. Naye pia alipata bakuli, na kwenye nyota aliandika jina la mke wake.

Jumatatu, 18 Desemba

Nimekwenda kwa Mchungaji kudai haki yangu. Nikamweleza drili, ndoo, dakika hamsini na mbili. Akanishika bega. Duane ndugu yangu, akasema, yule mama amelala makaburini, na wewe unataka kumvua nyota?

Nikasema sitaki zote. Kumi zinatosha.

LaVonne alikuwa hapo akikunja programu za ibada. Akasema jamani, mwanamume huyu ameshindwa na walio hai, sasa ameanza kushindana na maiti. Mpaka mchana, mji mzima unayo hiyo. Dukani muuza nyama kaniuliza kama nimeshawasilisha rufaa kwa Mtume Petro.

Jumapili, 24 Desemba

Mpango mpya. Einar ana miaka themanini na minne na mikono inatetemeka. Mshumaa uko juu ya kinara kirefu. Lazima mtu mwenye kiberiti kirefu cha gesi asimame karibu, kwa ajili ya usalama. Mtu wa ufundi. Mchungaji kakubali, kwa sharti nisiseme neno.

Saa kumi alasiri. Kanisa limefurika. Mzee katembea taratibu mpaka mbele, suti imemlegea mabegani. Nikampa kiberiti. Kafyatua mara ya kwanza, hola. Ya pili, hola. Nikaushika mkono wake. Mwali ukatoka, mshumaa ukawaka, na kidole kilichobonyeza kilikuwa changu! Nusu nzima ya tendo! Zaidi ya nusu!

Mzee hakuuachia mkono wangu. Akaninong'oneza: ni wewe uliyeleta kile chakula, kijana. Borghild wangu hakuwahi kutia chumvi namna ile.

Shahidi! Nikamwomba arudie kwa sauti, watu wasikie. Nikamwomba mara mbili, maana masikio yake ni mazito. Akageukia kanisa zima, akasema kwa sauti kubwa: Asante, na wewe pia, Krismasi njema!

Wakapiga makofi. LaVonne alikuwa anafuta machozi, na mimi nilikuwa nayo mawili, ya moshi.

Jumanne, 26 Desemba

Kengele mlangoni. Einar, amekuja kwa miguu kwenye barafu, mitaa minne, bakuli kifuani. Hapa kwetu bakuli halirudi tupu. Ndani mna uji wa wali wa maziwa, na mdalasini juu. Kapika mwenyewe.

Tumekula pamoja mezani kwangu. Alisema tangu mke wake aondoke, alikuwa anakula amesimama, karibu na sinki. Alipoona jina lile chini ya bakuli, alikaa chini. Nikamwongezea kahawa. Alikaa saa mbili na dakika kumi, akaniuliza hata hali ya goti langu. Goti langu ni zima, lakini nilijikuta nalieleza kwa kirefu.

Kisha nikatoa karatasi niliyokuwa nimeiandaa, ya ushahidi kuhusu chumvi, atie saini tuipeleke kwenye baraza la kanisa. Akasoma hadi mwisho. Akacheka mpaka akakohoa, akanipiga piga mgongoni, akasema wewe kijana una vituko, njoo kwangu Alhamisi tucheze karata. Hakutia saini.

Nilimwambia nitaangalia. Alhamisi nina shughuli.

Shughuli yenyewe ni maandalizi, maana nimeisoma kalenda ya kanisa hadi Pasaka. Alhamisi Kuu, kuoshana miguu. Washirika kumi na wawili watakaa mbele, viatu vimevuliwa, na anatafutwa mtu wa kujitolea kusaidia kuosha. Miguu ishirini na minne. Dakika moja na nusu kwa mguu, pamoja na kukausha.

Barua nimekwisha kumwandikia Mchungaji. Nimeiomba miguu yote.