Siku Mwalimu Alipomfafanulia Mkwewe Neno Mpujufu

Jongeeni, enyi mliotega masikio, na hata ninyi mliofuata umbea tu, niwasimulie vita alivyopigana Mwalimu, simba wa chaki, bingwa wa ngeli, mtu ambaye mbele ya mama mkwe wake hakuwahi kutamka hata neno suruali.

Asubuhi hiyo mama mkwe alianika nguo zake za ndani uani, kwenye kamba ya wapangaji wote. Fundi redio wa chumba cha pili akazikagua moja baada ya nyingine, kisha akamwita mpujufu mbele ya watu. Bibi yule, ngome ya nyumba, mlezi wa mjukuu ambaye hajaota hata jino, alikwenda kufunga begi lake, akatangaza kwamba atakata shauri la kuondoka au kubaki mkwewe akishamweleza neno lile lina maana gani na limetoka wapi.

Mke wa Mwalimu, mkalimani wao wa siku zote, alikuwa kazini. Mwalimu akalowa jasho. Bibi akiondoka, mtoto atalelewa na nani, na mke ataambiwa nini? Basi shujaa akamtwaa mtoto, akamwinua kama ngao, akasimama nyuma ya mlango wa chumba cha bibi na kumhutubia yeye.

"Mwanangu, mwambie bibi yako, kwa heshima zote, kupujua ni kukwangua ngozi. Sasa mtu akijipujua, ni kama amejikwangua haya yote usoni. Anafanya mambo ya aibu hadharani, wala hajali nani anamwona. Huyo ndiye mpujufu."

Mtoto akacheua. Mwalimu, nisiwafiche, aliogopa kwelikweli.

"Mjukuu wangu," sauti ikajibu kutoka ndani, "mwambie baba yako nimemwelewa. Mimi nimeanika nguo zangu, nikaingia ndani. Aliyebaki pale anazikodolea macho nguo za mama wa watu, baba mzima na ndevu zake, tumwiteje?"

Akatoka kwa kishindo hadi uani, akamsomea fundi redio neno lake, maana na asili, mpaka fundi akafunga dirisha. Kisha akarudi, akafungua begi, akamchukua mjukuu.

Vizazi na vikumbuke ushindi huo, maana mke aliporudi jioni na kuuliza habari za kutwa, mama yake alimjibu, "Salama tu, mwanangu. Mumeo alikuwa ananifundisha matusi."