Mgeni Rasmi wa Tovuti ya Alizeti

Jumatatu, 1 Agosti 2005. Shelui.

Daftari langu, leo Mungu amenikumbuka, ingawa sijaelewa vizuri alichonipa. Faith, binti wa jirani anayesoma kompyuta Arusha, yuko likizo. Chuo kimemtaka atengeneze tovuti ya biashara ndogo. Moja tu. Amenichagua mimi, bure, kwa kuwa nilimfundisha Shule ya Jumapili. Anataka vitu viwili: picha ya mashine yetu ya kukamua alizeti, na maneno machache ya kueleza tunauza nini na simu ni ipi. Vyote mwisho Ijumaa, maana Jumamosi anakwenda kwenye kompyuta za Singida Mjini.

Nimemuuliza tovuti yenyewe itakaa wapi. Amesema Marekani, ila hata mtu wa Mwanza ataiona. Nimeuliza nani atailinda. Amesema hailindwi. Nikaitikia tu, nisionekane mshamba.

Naihitaji. Tangu Sostenes aweke mashine kubwa ng'ambo ya barabara, madereva wote wa malori wanasimama kwake. Mume wangu Naftali ameshasema: msimu ukiisha bila mnunuzi wa maana, anauza injini, tunarudi kwao Mkalama kufuga mbuzi. Mimi mbuzi sitaki.

Jumanne, 2 Agosti.

Naftali kasema andika hayo maneno, mpe mtoto, tukakamue. Mwanaume hajui mambo. Kitu cha kuonwa na dunia nzima hakianzishwi kama uji wa asubuhi. Hata choo cha shule kilizinduliwa, na utepe ukakatwa.

Kwa hiyo nimeunda Kamati ya Maandalizi. Watu saba. Mwenyekiti mimi. Katibu Yustina wa kwaya, ana mwandiko mzuri. Mweka hazina nimemteua Sostenes. Hapo ndipo akili ilipo: mshindani ukimpa cheo, umemfunga mikono. Halafu ana pikapu.

Amekubali upesi kuliko nilivyotarajia. Amesema ni heshima kubwa, dada Asnath, ila tovuti ni kitu gani? Nimemweleza. Akaniomba nirudie, akawa anaandika.

Jumatano, 3 Agosti.

Kikao cha kwanza. Sala, kisha utambulisho nusu saa, ingawa sote tumezaliwa hapa hapa. Ajenda: mgeni rasmi. Amepita Mwinjilisti Yeremia. Mwenyewe ameuliza atazindua nini hasa. Yustina akamjibu kwamba hilo ni la kikao cha pili. Chai na maandazi. Suala la picha hatukulifikia.

Faith alipita. Shikamoo mama, picha iko tayari? Marahaba mwanangu, nikamwambia, mambo haya yana utaratibu.

Alhamisi, 4 Agosti.

Mpiga picha amekuja. Filamu yake ilibaki na picha mbili tu. Wajumbe wote wamekuja na nguo za Pasaka, na mjumbe ukimwacha nje ya picha atanuna mpaka Krismasi. Basi tumejipanga wote saba mbele, kitambaa cha meza juu ya injini, maua ya plastiki juu ya kitambaa. Naftali kasema mashine haionekani hata kidogo. Nikamjibu mashine inajulikana.

Picha ya pili Sostenes amesema isipotee bure, akavuka barabara na mpiga picha. Nimependa. Mweka hazina kabisa. Halafu akaondoka na filamu kwenda kuisafishisha Singida.

Mashine yetu haikuwashwa leo. Akina mama wawili walisubiri na magunia yao ya alizeti, kisha nao wakavuka.

Ijumaa, 5 Agosti.

Yale maneno machache yamekuwa risala. Kurasa nne. Tumemshukuru kila mtu, tumegusia ukame, tumeomba daraja. Mafuta yametajwa ukurasa wa nne. Namba ya simu haikuingia, mkono wa Yustina ulichoka. Na risala haijapitishwa, kwa kuwa katibu kaenda msibani na akidi haikutimia.

Mchana Faith kaja. Kasema mama, nikikosa leo nimefeli. Machozi yalikuwa karibu. Nimemwonea huruma mtoto wa watu, nikamwandikia kibali: chochote atakacholeta mweka hazina, kamati imekiidhinisha. Nikasaini, nikagonga muhuri.

Naftali amekisoma kibali mara mbili, ameniangalia, akaenda kupaka injini grisi. Nadhani ameanza kuniheshimu.

Jumapili, 7 Agosti.

Uzinduzi, baada ya ibada. Faith amerudi na tovuti, wameichapa kwenye karatasi, iko ndani ya bahasha. Alinivuta pembeni, mama, kuna jambo. Nikamwambia si desturi kuchungulia kabla ya mgeni rasmi. Tukaibandika ubaoni mimi nimefumba macho, tukaifunika kitenge.

Risala imesomwa mpaka watoto wakalala. Mwinjilisti amekata utepe, kafunua, kasoma kwa sauti: Karibuni Sostenes Alizeti, Shelui, mafuta safi, tuko kando ya barabara, piga simu. Na picha ya mashine yake, inang'aa kama kinanda kipya. Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga, mikono ilikuwa imeshaanza.

Sostenes amesema yeye kampa Faith picha iliyoonyesha mashine, na mistari sita. Faith alimuuliza kama mwenyekiti anajua, naye akamwambia asome tena kibali changu alichokishika. Nimetafuta kosa la Sostenes mchana kutwa. Silioni, na hilo ndilo linaloniuma.

Jumamosi, 20 Agosti.

Mfanyabiashara wa Babati kaiona tovuti, kaleta lori kwa Sostenes. Mafuta yake hayakutosha. Sostenes akavuka barabara, kwa upole, shemeji Naftali, nisaidie kukamua. Naftali kakubali kabla sijamaliza kujifunga kitenge. Injini haiuzwi, mbuzi basi. Ila madumu yanatoka kwetu yameandikwa jina la Sostenes. Nimeomba nisimchukie. Nimefika nusu.

Wiki nzima nimetafakari tulikosea wapi. Naftali nilimuuliza, akacheka mpaka akakaa chini. Leo asubuhi nikiwa naosha madumu nimeliona. Hatukuwa na makamu mwenyekiti.

Na tazama Mungu alivyo. Faith kapiga simu kutoka chuoni. Rafiki yake naye anatafuta biashara ya kuitengenezea tovuti, bure. Anataka picha moja na maneno machache, vimfikie kabla ya Jumatano. Nimemwambia awe na amani, safari hii hatuchelewi. Wajumbe wote nimeshawapa taarifa. Kikao cha kwanza ni Alhamisi.