Vumbi Lilivyofutwa Cawsby

INATANGAZWA kwa wakazi wote wa Cawsby, waliooga na ambao hawajaoga, ya kwamba kuanzia saa sita mchana ya tarehe mosi Mei, 1947, vumbi limefutwa katika uwanja wa mbio za pikipiki, pamoja na tope, changarawe na jamaa zake wote. Atakayeonekana na vumbi baada ya saa hiyo atahesabiwa kuwa amekuja nalo.

Bango hilo lilibandikwa langoni na Bwana Clement Ogden, Karani wa Uwanja. Yeye ndiye aliyeliandika, akalisoma mara tatu, akajipongeza. Sahihi ilikuwa ya Diwani Horace Birtwistle, Mwenyekiti wa Kamati ya Kudhibiti Vumbi. Diwani hakusoma alichotia sahihi, maana mkubwa akianza kusoma kila karatasi, atatawala saa ngapi? Alitaka tu jina lake litoke gazetini, na likatoka.

Isije ikadhaniwa kwamba kamati iliundwa bure. Vita vilikuwa vimekwisha miaka miwili nyuma, tukashinda, na zawadi ya ushindi ikawa sabuni ya kupimiwa kwa kuponi. Timu yetu, Korongo wa Cawsby, ilikimbiza pikipiki kwenye njia ya makaa ya mawe yaliyosagwa. Pikipiki zile hazina breki. Mwendeshaji akifika konani huilaza ubavu, gurudumu la nyuma huteleza likichimba, na kila aliyesimama konani hula makaa mdomo mzima. Basi watu wazima wenye akili timamu walikuja mapema kugombea nafasi ya kusimama hapohapo. Walijikinga na gazeti, wakachungulia, wakamwagiwa, wakashangilia. Kushinda hatukujua, na mkia wa ligi ulikuwa kwetu kama kitanda cha nyumbani, lakini kwa kuchafuka hakuna wilaya iliyotufikia.

Bwana Ogden hakuwahi kusimama konani. Wakati wa vita alikuwa mlinzi wa mtaa, mwenye filimbi na kofia ya chuma, na akipiga kelele "Zimeni taa!" ili ndege za adui zisiuone mji, mitaa minne iliingia gizani. Vita vilipokwisha, watu wakawasha taa wakamsahau. Uwanjani ndipo alipobaki na watu wa kumsikia, angalau kwa kumjibu. Aliupenda uwanja ule kuliko nyumba yake, ila hakuwahi kumwambia mtu, kwa kuwa hakukuwa na fomu ya kusemea jambo la namna hiyo.

Kwa fomu nyingine zote alikuwa kamili. Baada ya kufuta vumbi alitunga Fomu Namba Saba, ya malalamiko. Sehemu A ilisema: "Nilichafuliwa hapa uwanjani." Sehemu B ilisema: "Nilikuja nikiwa mchafu." Na kwa kuwa Sehemu A ilikuwa haiwezekani tena kisheria, aliikata kwa wino mwekundu katika nakala zote.

Wa kwanza kuja dirishani pa ofisi yake alikuwa Bi Nellie Crabtree, mfumaji wa kiwanda cha pamba, uso mweusi, macho tu ndiyo yanang'aa.

"Ogden, nipe hiyo fomu."

"Bwana Ogden."

"Haya, bwana mkubwa Ogden, nipe. Mbona hapa pamekatwa?"

"Vumbi limefutwa, mama."

"Na hili linalolia kwenye meno yangu?"

"Umekuja nalo."

Bi Nellie alicheka mpaka skafu ikamwanguka. "Nimekuja nalo! Haya, lete kalamu. Na mume wangu muandike hapohapo, yule kazaliwa nalo."

Ikawa ndiyo mtindo wa mji. Baada ya kila mechi watu walipanga foleni, wakanywa chai kwenye foleni, wakatia sahihi kwamba walitoka majumbani mwao wakiwa wachafu. Kufikia Agosti walikuwa mia nne na kumi na wawili. Kwa maandishi, hapakuwa na mji mchafu kama wetu katika ufalme mzima, na tulijivuna. Katika ripoti yake Bwana Ogden aliandika: "Malalamiko dhidi ya uwanja: hakuna."

Mambo yangeendelea hivyo, lakini Mei Diwani alitaka sifa, na Oktoba alitaka kiwanja. Alikuwa pia rais wa kilabu cha kubingirisha mipira kwenye nyasi, mchezo wa wazee waliovaa nyeupe tupu, wanaosubiri mpira usimame ndipo wapige makofi. Kilabu kilihitaji nyasi zaidi. Akamwita Bwana Ogden ofisini.

"Jumamosi ndiyo mechi ya mwisho, siyo?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Nitakuja na mke wangu. Tutakaa kona ya kwanza, tumevaa nyeupe. Tukipata doa moja tu, unaandika lalamiko langu, na Jumanne baraza linaufunga uwanja kwa kero ya uchafu."

"Na mimi, Mheshimiwa?"

"Wewe utakuwa Msimamizi wa Nyasi. Kofia utapewa."

Ni aibu kusema, lakini Bwana Ogden aliifikiria ile kofia njia nzima hadi nyumbani. Aliifikiria hata kwenye chai. Kisha akajiona amesimama peke yake mbele ya nyasi, akipuliza filimbi, na nyasi zikiota zinavyotaka. Akaiacha chai, akaenda kutafuta funguo za gari la maji.

Jumamosi asubuhi akalitoa gari la maji, akaizunguka kona ya kwanza mara kumi na moja akiimwagia. Nahodha wetu, Alf Mossop, akaja kusimama pembeni, buti lake la kushoto limefungwa bamba la chuma la kuteleza konani.

"Bwana Ogden, unatufugia bata?"

"Alf, nisikilize. Leo kona ya kwanza pita polepole."

"Polepole? Mzee, hii nikiipeleka polepole inaniangusha. Huna habari na uwanja wako?"

"Nakuomba, mwanangu."

Alf akamtazama. Katika miaka yote hakuwahi kumsikia akiomba. "Nitajaribu," akasema, kwa sauti ya mtu asiyeweza.

Saa tisa na nusu kamba za kuanzia zikaruka juu, pikipiki nne zikanguruma kuelekea kona. Maji ya Bwana Ogden yalikuwa yamefanya kazi yote iliyoamriwa: hata chembe moja haikupeperuka. Makaa yaliyolowa hayapeperuki. Yaliondoka kwa mabonge, yakavuka uzio, na moja likamkuta Diwani kifuani, la pili kwenye sharubu, la tatu likaivua kofia ya Bi Birtwistle na kwenda nayo.

Habari za kilabu cha nyasi zilikuwa zimeshavuja mjini. Watu wakajua Diwani amekuja kufanya nini, na uwanja wao wakauona umeshakuwa nyasi.

"Ogden!" Diwani alinguruma. "Lete fomu! Andika!"

Bwana Ogden akaja. Fomu Namba Saba ilikuwa mkononi, kalamu sikioni. Nyuma ya Diwani alisimama mwandishi wa gazeti, ambaye Diwani mwenyewe alimwalika aje kushuhudia.

"Mheshimiwa anataka kulalamikia nini?"

"Huna macho? Hiki usoni pangu ni nini?"

Hapo Bwana Ogden alikuwa na la kuchagua, na alikuwa mtu mwoga. Lakini mwoga naye ana mahali pa kujificha, na Bwana Ogden alijificha nyuma ya kanuni.

"Hicho, Mheshimiwa, kilifutwa tarehe mosi Mei. Kwa sahihi yako."

"Unasema nini wewe?"

"Nasema vumbi na jamaa zake hawapo. Ukisema wapo, basi tangazo lako lilikuwa la uongo, na bwana wa gazeti huyu hapa, na penseli anayo. Ila ipo Sehemu B."

Diwani akasoma Sehemu B. Ilikuwa karatasi ya kwanza kuisoma mwaka ule.

"Siwezi kutia sahihi upuuzi huu!"

"Kwani wewe ni mgeni?" Bi Nellie akapaza sauti. "Sisi wote tumetia, baba! Karibu ukoo!"

Ndipo mkono mmoja mweusi mpaka kiwiko ukaichukua kalamu. Ulikuwa wa Bi Birtwistle. Nywele zilikuwa zimemwagika, jino moja halionekani kwa makaa, na alikuwa anacheka.

"Mimi nilikuja mchafu," akasema, akiandika. "Haya, Horace, tia sahihi, mbio za pili zinaanza na unanizibia."

Diwani akamtazama mkewe, akamtazama mwandishi wa gazeti, akatia sahihi. Kona ikalipuka kwa kelele hata Alf Mossop akadhani ameshinda.

Hakuwa ameshinda. Tulifungwa arobaini na saba kwa thelathini na saba, tukabaki mkiani, na tukabaki na uwanja wa kufungiwa mechi. Jumanne baraza lilisomewa kwamba malalamiko hakuna.

Alhamisi Diwani alikuja dirishani kwa Bwana Ogden, amevaa suti safi, sauti chini. Gazeti lilikuwa limeichapa fomu yake nzima. Kilabu cha nyasi kilikuwa kimemsimamisha urais, kwani katiba yao hairuhusu mtu aliyekiri uchafu kwa maandishi kukanyaga nyasi, mpaka alete cheti cha usafi kutoka mamlaka ya mji.

"Kipo cheti kama hicho?" akauliza.

"Kipo, Mheshimiwa, nimekitunga jana. Hutiwa sahihi na Mwenyekiti wa Kamati ya Kudhibiti Vumbi."

"Si ndiye mimi! Lete nitie."

Bwana Ogden akavua miwani, akaifuta taratibu.

"Tatizo, Mheshimiwa, ni kwamba Mwenyekiti ni mchafu. Mchafu hawezi kumthibitisha mchafu."

Diwani Birtwistle akageuka, akawaona watu wawili nyuma yake wakiguna. Kisha akaomba karatasi nyeupe, akaandika barua ya kujiuzulu uenyekiti, ili apatikane mwingine wa kumthibitisha, naye apate kuwa msafi.