Anayejua Anyooshe wa Kulia

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Kuanzia leo mimi ni mwalimu. Mimi, Nkwabi, niliyeacha shule kidato cha pili! (Shule inadai ndiyo iliyoniacha.) Asubuhi nilikuwa kibandani kwangu hapa Igogo, nabandika protekta za simu. Akaja Madam Prudencia wa darasa la tano, shule ya msingi ya jirani. Shule imeletewa vishikwambi kumi. Ijumaa anakuja Afisa Elimu Kata kuona kama watoto wanaweza kuandika barua humo, kuihifadhi na kuifungua tena. Wakishindwa, vinahamishiwa shule moja ya Pasiansi. Madam hajawahi kuvitumia. Akauliza kama mimi navijua. Nikamwambia vyenyewe ndivyo vinavyonijua.

Ukweli wa humu daftarini tu: sijawahi kuandika barua kwa chombo chochote. Mimi hutuma sauti.

Jumanne, 12 Agosti

Vishikwambi viko kabatini kwa Mwalimu Mkuu, Mzee Nestory. Hata plastiki hazijabanduliwa. Kasema havitoki mpaka mgeni afike, visije vikachakaa. Madam akanyong'onyea. Kaandika barua za maombi miaka miwili kuvipata. Mimi nikamuunga mkono Mzee Nestory kwa moyo wote. Kisichotoka hakiniumbui.

Nikachora kibodi ubaoni. Watoto wakainakili kwenye vipande vya boksi, wakawa wanagonga kwa vidole. Darasa likalia kama mvua juu ya bati. Raha! Herufi nimezipanga A, B, C, maana kiwandani wamezivuruga ovyo. Binti mmoja wa dawati la nyuma, Tereza, akasema kwenye simu ya mama yake hazikai hivyo. Nikamwambia hiyo ni ya watu wazima. Wenzake wakacheka. Yeye akaandika kitu daftarini. Simpendi mtoto anayeandika kitu ambacho sijasema.

Jumatano, 13 Agosti

Tereza tena. Anataka kujua barua ikihifadhiwa inakaa wapi. Nikasema ndani. Ndani wapi? Ndani kabisa. Je, kishikwambi kikizimwa haipotei? Nikampa kazi ya kufuta ubao. Kafuta vizuri, kasimama na kifutio mkononi, kauliza upya.

Ana miaka kumi na moja. Nimewahi kubishana na wapiga debe wa stendi nikawanyamazisha. Huyu nimemkimbia. Nimesema naenda kunywa maji.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimepata dawa! Nikiuliza swali mbele ya mgeni, darasa zima linyooshe mikono. Anayejua anyooshe wa kulia, asiyejua wa kushoto. Mimi nachagua wa kulia tu. Mgeni ataona msitu wa mikono, ataandika hongera, ataondoka. Wanne nimewakaririsha majibu.

Si mbinu mpya. Ndivyo tulivyofanyiwa sisi kila wakaguzi walipokuja. Mimi nilikuwa wa kushoto. Miaka saba. Mkono wangu ulipongezwa sana na wageni, na hakuna aliyewahi kuniuliza kitu. Hata walimu wakazoea kunipita. Nakumbuka nilikuwa nafurahi. Leo usingizi unakataa kuja, sijui kwa nini. Labda zile dagaa za mchana.

Ijumaa, 15 Agosti

Afisa anaitwa Mama Felicitas. Mnene, mpole, miwani imening'inia kifuani. Nikauliza swali la kwanza. Mikono juu, darasa zima! Nikamchagua wa kulia, akajibu kama redio. Nikauliza la pili. Mama Felicitas akainuka, akapita katikati ya madawati, akaipita mikono yote ya kulia. Kumbe kafundisha miaka ishirini. Akasimama kwa Tereza.

Akamuuliza, "Wewe wa kushoto, barua inahifadhiwaje?"

"Sijui, mama. Hatujawahi kukishika."

Madam Prudencia akafumba macho. Nilimwona akivihesabu vishikwambi vyake vikipanda gari kwenda Pasiansi. Mama Felicitas akanyoosha kiganja kwa Mzee Nestory. Mzee akatoa funguo kama anang'olewa jino.

Plastiki zikabanduliwa. Tereza akakishika kimoja. Herufi hazikuwa nilipoziweka mimi, akawa anawinda moja moja. Dakika nne nzima. Ikatokea: SHIKAMOO MAMA. Mama Felicitas akaitikia marahaba, akanigeukia, akaniomba nimwoneshe mtoto namna ya kuihifadhi. Nikasema mtandao uko chini. Akasema hapo mtandao hauhitajiki.

Tereza hakutusubiri. Akagusa pembeni, haikuwa hapo. Akarudi. Akagusa pengine. Akasoma kwa sauti, "Kinauliza nihifadhi au nisihifadhi." Akagusa. Akakizima, akakiwasha, akaifungua barua. Ipo. Darasa likamzunguka, kila mmoja anataka zamu.

Kumbe kinauliza chenyewe. Mtu unasoma tu.

Vishikwambi vinabaki. Masharti mawili: kabati lifunguliwe kila siku, na mimi nikae dawatini na watoto, nijifunze, kuanzia Jumatatu. Madam alinifuata getini. Nilitegemea matusi. Akasema tu, "Mdogo wangu, ungeniambia hujui, tungehangaika wote." Nikakohoa, nikasema sawa Madam.

Jumatatu, 18 Agosti

Nilinyoa. Nilivaa shati jeupe. Nilifika mpaka dirishani. Tereza alikuwa amejisogeza ukutani, akiacha nafasi ya mtu mmoja kwenye dawati. Wenzake wanagusa, wanakosea, wanacheka, wanarudia. Hakuna aliyekuwa ananyoosha mkono wowote. Nafasi yenyewe ndogo, nikajisemea. Magoti yangu yasingeingia.

Nikavuka ziwa na kivuko cha Kamanga. Nilikuwa nimesikia shule moja upande ule imepata kompyuta, inatafuta mtaalamu. Kompyuta sijawahi kuigusa. Mwalimu Mkuu wa kule akanikaribisha chai, akaanza kuniuliza kama ninaweza. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza swali. Kumbe alikuwa anauliza kama ninaweza kuwafundisha walimu wote kumi na wanne, keshokutwa saa nne.

Nikamwambia walimu ndio wepesi zaidi. Hawaulizi maswali.