Viatu Vyangu na Kitenzi cha Kuomba Radhi

Wenzangu, leo uso wangu nimeuacha Changamwe. Atakayeuona aniletee Mtopanga.

Mnajua mimi sikai. Malindi nimekaa, Lamu nimekaa, Tanga nimeuza miwani ya jua ufuoni, na kote huko nimeondoka bila kufukuzwa (mara nyingi). Begi langu huwa chini ya kitanda, tayari. Juzi nikapata kazi ya majaribio: kuwafundisha Kiingereza Wachina wanne kwenye ghala moja la vigae huko Changamwe, bosi wao akiwamo. Siku tatu, na leo ndiyo ya mwisho. Asubuhi mke wangu, Kadzo, alinipigia viatu rangi kwa mkono wake. Akaniambia nikiajiriwa, lile begi atalifanya la kutilia vitunguu. Mdomo ulicheka. Macho hayakucheka.

Nimefika mapema. Darasa ni ofisi ya bosi, Bwana Lin, na leo wametandika zulia jipya. Mimi mtoto wa Pwani, nikiona zulia navua viatu, sijiulizi. Nikaviacha mlangoni. (Kidole gumba cha kulia kilikuwa kinachungulia kwenye soksi, kwa hiyo nikasimama nyuma ya meza.)

Kitenzi cha leo kilikuwa 'apologise', kuomba radhi. Bi Mei, mtunza ghala, ni mwanafunzi wa kuandika kila kitu, hata kikohozi changu. Akaeleza kwamba kwao kuna neno la kukanyagana tu njiani na neno jingine la kosa zito. Akataka kujua kama kwa Kiingereza mtu asiye na kosa anaweza kuomba radhi. Nikajifanya hakimu. Nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa kwamba anayeomba radhi ndiye mwenye kosa. Nikapiga mstari chini, mara mbili, kama alivyokuwa akipiga mwalimu wetu wa sekondari mpaka chaki ikatike. Kwa dakika moja nikajiona nimekuwa yeye.

Ndipo Bwana Lin akatokea, kikombe cha chai mkononi, macho kwenye simu. Akajikwaa mlangoni. Chai yote kifuani.

Nami, kama mtu yeyote aliyelelewa na mama, nikasema, "Oh, sorry, sorry."

Bi Mei akatazama ubao, akanitazama mimi.

"Mwalimu, umefanya nini?"

Nikamwambia sijafanya kitu, nampa pole tu. Huku kwetu mtu akijikwaa, hata kama uko ng'ambo ya barabara, unampa pole. Akanyoosha kalamu kuonyesha ubao. Kabla sijajibu, katoni ya vigae ikaanguka nje, ikalia kama kabati zima la vyombo. "Sorry, jamani," nikasema. Dereva wa foklifti, ile gari ya kunyanyulia mizigo, naye mwanafunzi wangu, akauliza kama na hilo ni langu. Kisha akapiga chafya, na huu mdomo wangu ukamwambia sorry.

Bi Mei akaandika: makosa matatu.

Nikapandwa na hasira. Nikatoka nyuma ya meza, mkono kifuani, nikatangaza kwa Kiingereza changu chote kwamba ndani ya chumba hiki mimi sina kosa hata moja.

Bi Mei akaenda mlangoni. Akarudi ameshika kiatu kwa ncha za vidole viwili. Namba arobaini na tano. Kinang'aa, kinadondosha chai.

"Mwalimu, hiki cha nani?"

Macho yote yakashuka miguuni pangu. Kidole gumba kikawasalimu.

Nawaambieni, sorry iliyotoka bure mara tatu, ilipohitajika haikuja. Nikautazama mlango. Nikalifikiria begi. Zamani ningekwisha ondoka (ila kiatu kimoja alikuwa nacho Bi Mei). Halafu nikaikumbuka ile rangi aliyonipigia Kadzo.

"Bwana Lin, naomba radhi," nikasema, sentensi nzima, na kitenzi mahali pake. "Viatu ni vyangu. Niliviacha njiani."

Akajipangusa shati polepole. Akausoma ubao, akakisoma na kidole changu.

"Leo nimeelewa," akasema. "Kesho uje kazini. Viatu uviweke chini ya meza."

Hivi ninavyoandika, Kadzo anatia vitunguu kwenye begi langu. Chekeni mtakavyo, lakini atakayenipa pole ajue nitamwuliza kwanza amefanya nini.